Elfu Tano na Arobaini

Mimi ni mtu wa diploma, na sioni haya kusema. Nilijisomesha Kitwe kwa kuuza chisense, vile visamaki vyetu vikavu vya ziwani, hadi nikawa mwalimu wa hisabati. Kisha nikarudi kwetu Nchelenge, kando ya ziwa. Wengi hurudi na redio kubwa. Mimi nilirudi na namba.

Namba hiyo ilipata kazi mwaka kanisa letu lilipoamua kujenga kwa matofali ya kuchoma. Kwetu kazi kama hiyo hugawiwa vikundi, na desturi ni kwamba kinachobaki hubebeshwa kikundi kilichofika mwisho. Wazee walitaka matofali elfu tano. Vikundi vilikuwa saba. Yakabaki mawili, nayo wakapewa akina mama waliovuka kutoka Kongo, kikundi cha mama yangu mdogo.

"Mawili tu, mama," mzee wa kanisa alimbembeleza.

"Hata moja! Kila mara ni siye batu ba mabaki? Shamba ya mawe, siye. Samaki ya vichwa, siye. Leo tunakatala. Tutasali kwetu, chini ya turubai."

Wenzake wakaanza kukunja vitenge walivyokalia. Niliona kanisa linapasuka kabla halijajengwa. Nikasimama.

"Ongezeni arobaini."

Nikawaeleza, na hadi leo naeleza kwa furaha ileile. Zidisha moja kwa mbili, kwa tatu, endelea hadi saba: unapata elfu tano na arobaini. Inagawanyika kwa kila namba toka moja hadi kumi, hata kwa kumi na mbili, bila kubakiza kitu. Vigawo vyake ni sitini, na hakuna namba ndogo kuliko hiyo yenye vingi hivyo. Sasa tazama majirani zake. Anayeitangulia ni namba tasa, hagawanyiki ila kwa moja na kwa yeye mwenyewe. Anayeifuata ni sabini na moja mara sabini na moja, basi. Katikati ya mabahili hao imeketi namba inayomfungulia mlango kila mgeni.

Mama mdogo alipiga hesabu. "Yetu yanaongezeka. Lakini tuko sawa na bengine?"

"Sawa kabisa."

"Bon. Tunabaki."

Habari zikavuka maji. Wavuvi wa Chisenga wakaja, tukawa nane. Wachuuzi wa samaki, tisa. Kwaya, kumi. Namba haikutikisika, nami nilipita sokoni kana kwamba nimeizaa.

Kisha wakafika watu wa Mununga. Kumi na moja. Nikagawa, nikarudia. Yakabaki mawili.

Mzee wa kanisa akawageukia hao wageni. Msemaji wao alikuwa ameshaelewa. Akaokota kofia yake.

"Keti, baba," mama mdogo alimwambia. "Batu ba mabaki hakuna tena hapa." Akanitazama mimi. "Bwana diplome, kumi na mbili inakubali?"

"Inakubali vizuri sana! Mia nne na ishirini kila kikundi."

"Donc, kikundi ya kumi na mbili ni weye."

Walicheka hadi mzee wa kanisa akajifuta machozi. Msemaji wa Mununga akaketi.

Nilifyatua mia nne na ishirini peke yangu, kwa udongo wa kichuguu, mikono ikachubuka. Mvua ya kwanza ilikuta kuta zimesimama. Matofali yangu yapo upande wa ziwa, na hakuna lililopasuka. Wenye diploma sasa wako wengi Nchelenge. Aliyewahi kuwa kikundi ni mimi tu.