Sanduku Lenye Kufuli

Siku ya kwanza nilipoingia kazi ya umatroni, Matroni Mkuu hakunionyesha jiko wala chumba cha wagonjwa. Alinipeleka moja kwa moja bweni la kidato cha kwanza, akasimama mlangoni, akanionyesha masanduku chini ya vitanda. Yalikuwa ya bati, yale yanayogongwa Katwe, mjini Kampala, na kupakwa rangi za maua, kila moja na kufuli yake.

"Mtoto atakudanganya kwa uso," alisema. "Ukimuuliza kama yuko sawa, atajibu yuko sawa. Wewe angalia sanduku. Akitundika gauni lake, akaweka sabuni dirishani, huyo amekaa. Akiacha vitu vyote ndani na kufuli imefungwa, huyo anangoja kurudi kwao. Mtafute anayemwonea."

Nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka na kazi. Lakini mimi shule nimeishia la saba, baba alikuwa askari pale kambi ya Mbuya, na Kiswahili changu ni hiki cha kambini, kwa hiyo sikubishana. Mara nyingi alikuwa sahihi. Si mara zote: kuna mmoja alifunga sanduku wiki nzima kwa sababu alipoteza ufunguo na akaona haya kusema.

Shule yetu ilikuwa ya wasichana, ya bweni, juu mlimani ambako maji ya bomba yalikuja yalipotaka. Jerikeni ndizo zilizopanga foleni, si watu. Unaweka yako nyuma ya ile ya mwenzako, unaenda darasani, ukirudi nafasi yako ipo. Uonevu wa siku zile ulikuwa hapo. Wakubwa walisukuma jerikeni za wadogo kwa mguu mpaka mwisho wa foleni. Au walimwambia mgeni apulize balbu ya umeme izimike, naye anapuliza hadi machozi, bweni zima linacheka. Mwalimu Mkuu alikuwa na fimbo, akiitumia mbele ya mstari wa asubuhi. Wako waliokoma. Wako waliotoka hapo wakaenda kumalizia hasira kwa yule mdogo aliyewasema. Siwezi kusema fimbo haikusaidia hata mtu mmoja, na siwezi kuisifu.

Matroni Mkuu alikuwa na njia yake. Aliyesukuma jerikeni alirudishwa bombani wakati foleni imejaa, akamwambia mdogo "nisamehe" kwa sauti ya kusikika, halafu akambebea maji hadi bweni.

"Kwa nini asiombe msamaha ofisini?" nilimuuliza siku moja.

"Ofisini nani alimcheka?" alijibu. "Waliocheka wako bombani. Wao ndio wasikie."

Alipostaafu nikachukua funguo zake. Shule ikachimba kisima, ikaweka tangi, foleni ya jerikeni ikafa. Fimbo ikakatazwa. Akaletwa Mshauri wa wanafunzi, binti wa Kikenya aliyesomea chuo cha Kyambogo, kazi yake kukaa na watoto na kuwasikiliza. Mwanzoni nilimwona kama mtu anayelipwa kwa kukaa. Baadaye niliona anarudi nyumbani amechoka kuliko mimi.

Katika muhula wangu wa mwisho, wasichana walirudi kutoka likizo, na sanduku la Shamim halikufunguliwa. Shamim alikuwa kidato cha kwanza, mtoto mpole, mama yake anakaanga chapati kando ya barabara. Kila jioni alitoa shuka, akarudisha kufuli. Nikaanza kusikiliza. Kwenye foleni ya chakula, msichana wa nyuma yake alimwita kama mteja amwitavyo mama muuzaji, "Nnyabo, nifanyie chapati moja, weka mayai mawili." Wengine wakacheka. Mwingine akaongeza, "Vitunguu, usilie, ada italipwa."

Mshauri ndiye aliyepata kiini chake. Katika likizo, Prosi wa kidato cha tatu alipita kibandani kwa mama yake Shamim, akamkuta Shamim anakata vitunguu, machozi yanamtoka. Akampiga video, akaandika chini yake kwamba Shamim analilia ada, akaituma kwenye grupu ya simu ya wasichana wenzake wa shule. Simu shuleni ni marufuku, ingawa wako wanaozificha, na kicheko kilikuwa kimeshaingia na wasichana wenyewe.

Prosi hakukataa. "Mimi niliwatumia marafiki zangu wa grupu tu, Matroni. Aliyeisambaza simjui." Inawezekana ni kweli. Sikuwa na njia ya kujua, na sitaandika kama najua.

Naibu wa Mwalimu Mkuu alitaka Prosi aende nyumbani hadi mwisho wa muhula. Mshauri alitaka muda wa kuzungumza na wote wawili. Lakini muda haukuwepo, maana mama yake Shamim alishapiga simu: Jumapili ya wazazi atakuja na bodaboda, ambebe mtoto na sanduku lake, basi. Hakuwa na shule nyingine ya kumpeleka. Angekaa kibandani.

Nilimwita Shamim chumbani kwangu, nikampa chai.

"Prosi akifukuzwa, utakaa?"

"Akifukuzwa watasema nimemfukuzisha mimi. Watakuwa na jina jipya la kuniita."

"Basi wewe unataka nini, maama?"

Aliitazama chai mpaka ikatengeneza utando. "Waliotazama wasikie," alisema.

Nikakumbuka bomba. Sikuwa na hakika. Mambo ya simu mimi siyajui, yangu ni ile ya tochi. Nilimwambia Mshauri kwamba Prosi aombe msamaha kwenye ile grupu yenyewe, naye akanichukua hadi kwa Naibu.

"Mnataka niruhusu simu shuleni ili kumaliza balaa la simu?" Naibu aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Waliocheka wako humo."

Alisogeza kiti kimoja karibu na mlango. "Ofisini kwangu. Na mimi nikiwepo. Shamim akitaka kutoka, atoke."

Prosi aliingia kwenye ile grupu kwa simu ya Mshauri, kwa sababu yake ilikuwa kwao. Shamim alikaa karibu na mlango. Prosi alishika simu mdomoni kama mtu anayeshika kikombe cha moto, akaanza kurekodi sauti, akafuta, akaanza tena.

"Ni Prosi. Ile video ya Shamim niliipiga mimi. Hakuwa analia, alikuwa anakata vitunguu. Yale ya ada niliyatunga. Na siku ile..." Hapo alimtazama Shamim pale mlangoni. "Siku ile mama yake alinipa chapati ya bure, kwa sababu nasoma na mtoto wake. Nikaila, halafu nikaituma video. Shamim, nisamehe."

Hilo la chapati, pale ofisini hakuna aliyekuwa analijua isipokuwa wao wawili. Shamim akasema polepole, akitazama viatu vyake, "Ilikuwa na yai."

Prosi akalia. Sikuona mtu wa kumcheka.

Majibu yaliingia kwenye simu. Mshauri alitusomea: wengine walisema pole, wengine waliweka vile vichwa vya kucheka, mmoja aliuliza kibanda kiko wapi. Kwa hiyo sitasema kila mtu alibadilika. Siku zilizofuata nilipita bwenini, na kufuli ilikuwa mahali pake.

Jumapili mama yake akaja, anatoa harufu ya mafuta, bodaboda inangoja getini na kamba tayari. Nilimsindikiza bwenini kumwonyesha mzigo. Tulipofika, gauni la Shamim lilikuwa limetundikwa kwenye chuma cha kitanda, sabuni dirishani. Sanduku lilikuwa wazi na Shamim amechuchumaa mbele yake anakunja sweta.

"Maama, umeleta chapati?"

"Nimeleta yako ya njiani."

"Nipe nigawane na wenzangu."

Mama alisimama pale kidogo, akashika mfuniko wa bati, akauachia. Akarudi getini. Nilimsikia akimwambia yule wa bodaboda, "Nenda, ssebo. Mzigo haupo."

Nilistaafu muhula ulipoisha. Huwa najiuliza kama ilikuwa ile sauti ya Prosi, au wasichana walichoka tu na mzaha wao. Mshauri anaamini ni zile alasiri alizokaa na Shamim bila kusema mengi. Naliweka neno lake karibu na langu, maana naye alikuwepo.

Sasa nakaa nyumbani na mjukuu anayesoma shule ya kutwa. Hana sanduku la bati, ana simu. Akirudi na kuicheka, naendelea na kazi zangu. Akiilaza kifudifudi kwenye mkeka na kukaa mbali nayo, nazima jiko, naleta chai. Simuulizi kama yuko sawa. Namuuliza anataka nini, halafu nangoja, hata chai ikipoa.