Ukuta wa Samaki wa Eustakia

Kabla ya samaki, sebule ya Eustakia pale Nyamiaga ilikuwa kama sebule nyingi: makochi yenye vitambaa vya kufuma, picha ya Moyo Mtakatifu, na kabati la vyombo visivyoguswa mpaka aje mgeni wa maana. Samaki waliletwa na mumewe Renatus, dereva wa lori. Eustakia alikuwa amelalamika kwamba kila safari ya Kigoma analetewa dagaa tu, basi safari hiyo Renatus akamfanyia utani. Alimkabidhi ndoo yenye mfuniko.

"Hawa si wa kula, Mama Derick."

"Sasa ni wa nini?"

"Wa kutazama."

Eustakia akatazama. Alikuwa mshonaji, mtu aliyezoea kuinamia vitu vidogo. Samaki wenyewe hawakufika urefu wa kidole, na walikuwa na rangi ya mchanga. Chini ya ndoo kulikuwa na magamba matupu ya konokono. Alipoingiza mkono, samaki wote walitumbukia ndani ya magamba, kila mmoja la kwake. Akangoja. Baada ya kitambo jicho moja likachungulia.

Kuanzia hapo cherehani ilianza kusimamasimama. Aliwatengenezea tangi dogo la vipande vya kioo, akaliweka juu ya kabati, akawa anajifunza tabia zao. Mmoja mwenye pezi lililochanika alitaka kila kitu kiwe chake. Huyo akamwita Mwenyekiti. Renatus alipoleta mwingine baadaye, huyo akaitwa Mgeni, na Mwenyekiti hakumpa amani. Alimfukuza kona hii hadi ile, mpaka Mgeni akawa anakaa karibu na uso wa maji, mkia umekatikakatika, gamba hana.

"Huyu ana roho mbaya," Eustakia alimwambia jirani yake Mukeshimana, aliyekuwa akitazama naye. "Au ni kubanwa tu?"

Mukeshimana alipitisha utoto wake kambini, kule Kasulo, wazazi wake walipokimbia Rwanda.

"Sisi kambini tuligombania hata kamba ya kuanikia nguo," alisema. "Mama yangu alipigana na mwanamke mmoja kwa ajili ya kamba. Baadaye tulipopata kiwanja, mama huyohuyo alikuwa anawagawia watu mbegu za maharage. Lakini yule mwanamke mwingine sijui aliishia vipi. Labda aliendelea kupigana."

Jibu hilo halikumtosha Eustakia, bali lilimchokoza. Alitaka kuona. Na njia ya kuona ilikuwa moja: awape nafasi.

Renatus alidhani wanazungumzia tangi kubwa kidogo. Alipooneshwa alama za chaki ukutani, kutoka dirishani hadi mlango wa chumba cha kulala, aliketi.

"Na watu watakaa wapi?"

"Kochi moja litatoka."

"Mama Derick, hiyo ni sebule au ni ziwa?"

Hata hivyo ndiye aliyekwenda Mwanza kuchukua kioo, kinene kama kitabu cha nyimbo, akakilaza kati ya magodoro. Kuanzia Biharamulo aliendesha taratibu kiasi kwamba malori ya mizigo ya Burundi yalimpigia honi. Askari wa barabarani alimsimamisha, akauliza amebeba nini. Renatus akasema amebeba dirisha la samaki. Askari akapanda mwenyewe kuhakikisha.

Kazi ya ujenzi ilifanywa na Niyongabo wa Murusagamba, anayejulikana kwa kujenga matangi ya maji ya mvua. Pande tatu alijenga kwa matofali na saruji, mbele akapachika kioo kwa gundi nyeusi.

"Shikamoo, mama," alisema siku ya kujaza maji. "Tuombe Mungu."

"Marahaba. Tuombe, lakini fungua bomba."

Maji yalipofika nusu, kona ya chini ikaanza kutoa machozi, kisha kijito. Walikimbia na vitambaa, ndoo, hata mashuka. Kabati likaloa miguu. Niyongabo aliona haya mpaka akakataa chai. Eustakia hakugomba, alipiga magoti akipapasa kona, akitafuta ni wapi hasa maji yamepata njia. Gundi ilikwanguliwa, ikapakwa upya, ikaachwa ikauke vizuri. Kisha wakajaza na kumwaga mara nyingi, maana saruji mpya huchoma samaki. Msimu huo migomba ya nyuma ya nyumba ilinywa maji isiyoyaomba, ikanenepa.

Hatimaye ukuta ukawa na mchanga uliochekechwa, mawe ya mlimani yaliyopangwa kama miamba, pampu ya kuendeshwa na sola, na magamba mengi kuliko samaki. Eustakia aliwaachia samaki ndani huku Mukeshimana ameshika kikombe cha chai asichokinywa.

Mwenyekiti alimfukuza Mgeni papo hapo. Wanawake wakatazamana. Lakini alipofika kwenye jiwe moja la kijivu, aligeuka, akarudi. Akamfukuza tena; akageukia palepale. Siku zilizofuata Mgeni alichagua gamba upande wa pili, akalifukia kwenye mchanga mpaka ukabaki mdomo wa gamba tu. Asubuhi moja Mwenyekiti alivuka lile jiwe. Mgeni, aliyekuwa mnyonge wa kuhurumiwa na nyumba nzima, alimrukia na kumsukuma hadi kwake.

"Kumbe na yeye!" Mukeshimana akacheka hadi akaweka kikombe chini.

Wiki kadhaa baadaye kwenye mdomo wa gamba la Mgeni kulionekana vumbi linalocheza. Eustakia aliwasha tochi. Walikuwa watoto. Mgeni, waliyekuwa wakimwita "yule bwana" muda wote, alikuwa mama.

Zamu ya jumuiya kusali kwa Eustakia ilipofika, wanajumuiya waliketi mikekani, na katekista akalazimika kuhamia mbele ya kioo ili watu wamtazame yeye. Alimaliza somo, kisha naye akageuka.

Mwaka huu Eustakia alipanda lori kwenda Kigoma na mumewe. Ziwa lenyewe, walikotoka samaki wake, hakuwa amewahi kuliona. Mfugaji mmoja wa samaki wa huko alimwazima miwani ya kuogelea, akamwonesha mahali penye mawe. Aliingia na kitenge chake hadi kiunoni, akainama, uso ukazama. Renatus aliona mgongo wake tu, umetulia, na kitenge kikielea kumzunguka.

Alimwita, akisema barabara ya Kibondo haifai kupitiwa usiku. Eustakia alinyanyua kichwa, akavuta pumzi, akainama tena.