Mama Mifuniko, Aliyegonga Mlangoni Pake

Alizaliwa Jumanne ya Wiki Kuu, mwaka wa mafuriko, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, fundi viatu. Alilia kwa sauti iliyomchekesha mkunga. "Huyu hatapotea sokoni!" Sauti hiyo aliipeleka kwaya, kisha kwenye jiko la shule alikoajiriwa upishi. Akaolewa na fundi rangi, mcheshi barazani, mkarimu kwa kila mtu. Nyumbani mkono wake ulikuwa mwepesi, na chochote kilitosha kumponza mkewe: chumvi, kimya, hata kicheko. Mama mkwe, aliyeishi chumba cha pili uani, alimkanda kwa maji ya moto akimnong'oneza, "Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu. Hata mimi nilivumilia." Paroko naye alimwambia abebe msalaba wake. Akabeba! Majirani waliposikia vishindo waliongeza sauti ya redio. Hawakuwa watu wabaya. Ndiyo heshima waliyofunzwa, kutosikia ya ndani ya mwenzio.

Jumamosi moja ya Kwaresima, mchana kweupe, alikuwa nyumbani akisugua sufuria. Kilio kikatoka kwa jirani, mke wa seremala, binti aliyeolewa juzi juzi tu. Redio zikapanda. Mtumishi huyu wa Mungu akashtukia mkono wake mwenyewe uko kwenye redio. Hapo ndipo neema ilipomkamata! Akatwaa mfuniko na mwiko, akasimama mlangoni pa seremala na kugonga kwa nguvu zake zote. "Tunasikia! Seremala, tunasikia!" Kipigo kikakoma. Seremala akatoka akitazama viatu vyake.

Alasiri mumewe akarudi, habari zimeshamfikia njiani. "Nani kakutuma kwenye ndoa za watu?" akauliza, akifungua mkanda.

"Wewe," akajibu.

Akauchukua mfuniko, akatoka hadi kizingitini pake, akagonga. Ua ukawa kimya. Fikirini hofu ile, ndugu waamini: asipopata wa kumwitikia, atarudi ndani na mlango utafungwa nyuma yake. Akagonga tena. Ndipo likasikika goma dogo, jembamba, la kijiko na kifuniko cha birika. Alikuwa mama mkwe! Bibi yule alikuja, akasimama mbele ya mwanawe.

"Nilizaa mtoto, sikuzaa ngumi. Weka mkanda huo chini, utoke."

Mke wa seremala akaitikia na sufuria lake, kisha milango yote ikafunguka, redio zikazimwa, ua mzima ukarindima! Fundi rangi akaondoka, na katika nyumba ile hakurudi tena.

Jumapili iliyofuata Mama Mifuniko alisimama kanisani, akakunja mikono ya gauni na kuonyesha makovu. "Haya niliyapata nyumbani kwangu," alisema. Paroko akashuka altareni akamwomba radhi mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo yeye na mke wa seremala walizunguka parokia, masoko na malango ya viwanda wakisimulia yaliyowapata, na kila waliposimulia, mwanamke mwingine alisimama. Inasemwa kwamba katika kiwanda kimoja mashine zilizima zenyewe alipofungua kinywa. Wenye shaka husema umeme ulikatika. Sawa, lakini umeme nao una Bwana wake!

Alifariki akiwa mzee, mkesha wa Pentekoste, chumba kimejaa wanawake waliomwitikia. Walikuwa katikati ya litania alipowanyamazisha kwa mkono.

"Yule mgeni aliyehamia chumba cha mwisho uani, kuna aliyempigia hodi?"

Hakuna.

"Basi mnafanya nini hapa?"

Wakaiacha litania, wakaenda. Walipiga hodi hadi mlango ukafunguliwa, na mgeni akatokea amejifunika kanga hadi machoni, mtoto mgongoni, mfuko wa nguo tayari mkononi. Waliporudi naye, Mama Mifuniko alikuwa ameshalala katika Bwana. Wakamkalisha mgeni kwenye kiti kilichokuwa karibu na kitanda, na kabla ya mazishi wakamsikiliza kwanza.