Orodha ya Zinazokuja

Hakuwahi kutoka kwenye jumba la sinema kabla jina la mwisho halijapita. Taa ziliwashwa, watu wakasimama na kujinyoosha, wafagiaji wakaanza kuokota vikombe kutoka safu za nyuma, naye akabaki kwenye kiti chake, mikono magotini, akisoma majina yakipanda: washona nguo, madereva, wabeba taa, wapishi. Alilokuwa akilitafuta lilikuwa moja tu, la mtunzi wa muziki, lakini hata likishapita aliendelea kukaa. Alisema si adabu kumpa mtu kisogo wakati bado anaongea. Wafagiaji walimzoea, wakawa wanafagia kumzunguka kama nguzo. Mmoja wao ndiye aliyembandika jina la Bwana Majina, nalo likamganda mtaani na kazini. Aliyekataa kulitumia alikuwa dada yake peke yake.

Dada huyo alikuwa mwalimu wa jiografia, mdogo wake kwa miaka kumi na minne. Ndoa yake ilipovunjika alikuja kwa kaka yake na sanduku moja na ramani zake za ukutani, akidhani atakaa mwezi. Akakaa miaka kumi na mmoja. Siku aliyofika, kaka hakumuuliza neno. Alimwonyesha chumba, akamwonyesha bomba ambalo halifungi mpaka ulibembeleze, kisha akasema kwamba jioni huwa anasikiliza muziki, ukimkera agonge ukuta. Hakugonga hata mara moja.

Kazi ya kaka ilikuwa kuchomelea vyuma. Alitengeneza mageti, grili za madirisha na vitanda vya shule, katika karakana ya mabati aliyoshirikiana na mtu wa rika lake, mrefu hadi akaitwa Ngongoti. Kwa miaka thelathini wawili hao walikata chuma kwa grenda tangu asubuhi hadi jioni, na mabati yakairudisha kila sauti mara mbili. Pamba masikioni waliweka siku waliyokumbuka. Matokeo yake Ngongoti alikuwa haongei, anapiga kelele. Msibani watu walimwomba anong'one, na mnong'ono wake ukasikika hadi barabarani. Kaka alikuwa kinyume chake. Alikuwa mpole, sauti ya chini, mtu wa kukuangalia mdomoni unapozungumza. Dada alidhani ni heshima. Ilimchukua miaka kujua kwamba alikuwa anasoma midomo.

Mapenzi yake kwa muziki wa sinema yalianza ujanani, siku aliyokimbia mvua akajikuta ndani ya jumba la sinema bila kujua kunaonyeshwa nini. Picha yenyewe aliisahau. Alichokumbuka ni mtu mmoja anavuka uwanda kwa miguu, na chini ya miguu yake muziki unaojua kwamba hatafika. Alikaa mpaka mwisho ili ajue nani kafanya vile. Tangu hapo alimfuata mtunzi yule, mgeni wa nchi ya mbali, kama wenzake walivyofuata timu za mpira. Hakumtaja kwa jina. Alimwita Fundi, na kwake hapakuwa na cheo kilichopita hicho.

Jioni akishanawa masizi, aliketi kwenye kigoda, uso ukutani, spika mbili nyuma yake. Alimfundisha dada yake namna ya kusikiliza. Ule wimbo wa juu uache, alisema, ule kila mtu anausikia. Sikiliza kinachoubeba. Mwalimu alikuwa akisahihisha madaftari mezani, na polepole akaanza kukisikia hicho kinachobeba, na siku nyingine ilimlazimu aweke kalamu chini.

Simu zilipoleta makundi, kaka akaingia kwenye kundi la wapenzi wa Fundi, watu ishirini na kitu waliotapakaa huku na huko, wengi hawajawahi kuonana. Kiongozi wao alikuwa mfamasia wa mji mwingine. Kazi ya kundi ilikuwa kusubiri. Fundi alitoa kazi moja kwa mwaka, ikizidi sana mbili, na muda uliobaki watu walibishana: safari hii ataweka kwaya au hataweka, atarudi kwenye filimbi au ameshaichoka. Juu kabisa mfamasia alibandika orodha yenye kichwa Zinazokuja. Mmoja akiandika kwamba subira yavuta heri, kulikuwa na mchokozi ambaye hakukosa kumjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Na kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Usiuamini muziki wa kionjo. Kionjo kile kifupi cha kutangaza picha hutengenezwa na watu wa matangazo, mara nyingi kabla mtunzi hajaandika hata noti moja, na muziki wake hununuliwa kwingine. Kila mwaka wageni wa kundi walikosea, wakaupokea kwa machozi. Kaka, ambaye aliandika kwa nadra, ndiye aliyekuwa akiwarudi kwa mstari mmoja: "Hiyo si kazi ya Fundi. Subirini picha yenyewe."

Mwaka ambao orodha ilikuwa na kazi tatu, ndio mwaka dada alipompeleka kwa daktari wa masikio. Aliwekwa ndani ya kibanda, akavalishwa vifaa vya kusikilizia, akapewa kitufe abonyeze kila asikiapo mlio. Alibonyeza sana. Daktari, mwanamke mtulivu, alimtoa akamwambia bila ukali kwamba alikuwa akibonyeza hata pale ambapo yeye hajapiga kitu. Kaka akacheka kwa aibu kama mwanafunzi aliyekutwa na karatasi mfukoni.

Mchoro aliopewa ulishuka kutoka kushoto kwenda kulia kama ngazi ya shimoni. Sauti za juu zilikuwa zimekwenda, za kati zilikuwa njiani, za chini zingebaki mwaka, labda miwili. Vifaa vipo, daktari alisema, vitamsaidia kuongea na watu. Muziki je, dada akauliza. Daktari alimtazama mgonjwa, akageuza maneno, akasema muziki ni jambo lingine.

Ngongoti alipopewa habari alinguruma kwamba sikio la kufa halisikii dawa, kwa hiyo hata daktari asijisumbue. Walicheka wote wawili. Kisha Ngongoti akaenda kununua vizibo vya masikio viwili viwili, akavitundika ukutani kwenye msumari, amechelewa kwa miaka thelathini.

Kuanzia hapo kusubiri kwa kaka kukawa na mwisho. Wenzake kundini walisubiri kama watu wenye muda. Yeye alisubiri kama mtu anayekimbilia duka linalofungwa. Kazi ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ya picha inayohusu watu wanaokatakata meli kuukuu ufukweni na kuuza chuma chake. Chuma. Hakuna aliyehitaji kumweleza mtu huyu uzito wa jambo hilo. Ya pili ilihusu mwanamke mchora ramani, na ya tatu ilikuwa haina hata jina, ina mwaka tu. Ya meli iliahidiwa mwezi wa nne. Ikasogezwa hadi wa tisa, kisha ikasogezwa hadi mwaka unaofuata. Kila tangazo la kusogezwa alilisoma mara mbili, akaweka simu kifudifudi, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Fidla zilimtoka wakati huo. Alimwambia dada kwamba anazisikia kwa kumbukumbu tu, mahali zilipokuwa pana shimo. Lakini alikuwa amejijengea tumaini, akalieleza kwa makini kama anavyoeleza vipimo vya geti. Fundi ana miaka sabini na kitu. Masikio ya mzee yeyote huanza kufa kutoka juu, daktari amesema. Basi na ya Fundi yameanza. Basi safari hii ataandika chini, kwenye fidla zile kubwa zinazobanwa kati ya magoti, kwenye ngoma nzito. Ataandika kwa ajili ya kile anachosikia.

"Atashuka mpaka nilipo," alisema. "Utaona, Mwalimu."

Kionjo kikatoka siku ya Jumamosi, mchana. Dada alimkuta sebuleni ameilaza simu juu ya meza, kiganja chake kimefunika meza kando yake, macho kayafumba. Ulikuwa muziki wa dakika mbili na ulikuwa wa chini mwanzo hadi mwisho, mngurumo unaokua, na vishindo vizito kati yake. Aliurudia mara tisa. Alipoinua uso ulikuwa umelowa, naye hakuufuta.

"Ni yeye," alisema. "Kashuka."

Mwalimu alikumbuka sheria ya kundi. Aliikumbuka vizuri, maana aliisikia mara nyingi kwa kinywa cha huyuhuyu. Ungemwambiaje mtu kama yule, kwa uso ule?

Jioni ileile kaka akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliandika kundini, na si mstari mmoja. Aliandika kurasa. Alieleza mngurumo ule kwamba ni bamba la chuma linapokaribia kukatika, vishindo kwamba ni kipande kinavyoanguka mchangani, na kwamba hakuna mtunzi mwingine duniani angejua hilo bila kukaa na mafundi. Watu waliyasoma maneno yake wakasisimka. Walimheshimu, na kwa kuwa yeye ndiye mlinzi wa sheria, wakaona sheria safari hii imeondolewa na mwenyewe. Waliyasambaza kwa wengine.

Siku ya tano mfamasia alimpigia dada, si kaka. Alijieleza kwa adabu, akaomba radhi kwa kupata namba yake kwa Ngongoti. Habari alizokuwa nazo zilikuwa za aina mbili, na zote mbaya. Muziki wa kionjo ulikuwa wa kampuni moja inayouza milio ya matangazo, na uleule ulikuwa umeshatumika kutangaza saa za mkononi. Na picha yenyewe, wenye nayo walikuwa wamesikiliza kazi ya Fundi wakaikataa, wakamwajiri kijana mwingine. Mzee alikuwa ametoa taarifa fupi kwamba haandiki tena, kwa yeyote.

"Nimewaomba wote kundini wasiandike kitu," mfamasia alisema. "Dada, mwambie wewe. Sisi hatuwezi."

Alimwambia kesho yake, wamekaa mezani, uso kwa uso ili amwone midomo. Alisema polepole. Muziki ule si wake. Kazi yake imekataliwa. Amestaafu.

Kaka hakubisha. Alisema alikuwa ameshangaa kundi kukaa kimya siku nzima, akadhani kuna aliyefiwa. Kisha akaomba simu. Alicheza kionjo, kiganja mezani. Akatafuta kazi ya zamani ya Fundi, ile ya mtu anayevuka uwanda, akaicheza. Akarudi kwenye kionjo. Akarudi kwenye uwanda. Alifanya hivyo kwa muda mrefu, na dada alikaa hapo akimtazama kama mtu anavyomtazama mwingine akipapasa ukuta kutafuta mlango.

"Yanafanana," alisema mwishowe.

"Yapi, kaka?"

"Yote." Akaisukuma simu. "Kunyang'anywa kazi si kitu, mafundi hunyang'anywa kila siku. Lakini mimi nilisema ni yeye. Niliandika kabisa ni yeye. Na hata sasa nikisikiliza, siwezi kukwambia si yeye."

Dada alimwekea mkono begani, naye akauacha ukae, kama mtu anavyouacha mkono wa daktari.

Kundini walimfariji. Waliandika kwamba hata wao walidanganyika, kwamba yote aliyoyaeleza yalikuwa mazuri kuliko muziki wenyewe. Huruma ya watu ishirini ilimwingia kama cheche jichoni. Alifuta kurasa zake, kisha akajitoa. Mfamasia aliacha kichwa cha Zinazokuja kimebaki juu bila kitu chini yake kwa siku mbili tatu, halafu naye akakiondoa.

Vifaa vya masikio alivaa, maana dada alimwomba. Vilimsaidia kusikia bei ya nondo na kelele za Ngongoti. Jioni alinawa masizi kama kawaida, akaketi kwenye kigoda chake, uso ukutani, na hakuwasha kitu. Mwalimu alisahihisha madaftari. Zamani ukimya wa nyumba ile ulikuwa nafasi kati ya wimbo na wimbo. Sasa ulikuwa ukimya tu, na alijikuta akifungua kurasa taratibu ili zisitoe sauti, ingawa ni yeye peke yake ambaye angezisikia.

Picha ya meli ilifika mjini mwaka uliofuata, na muziki wa yule kijana. Dada aliona bango akiwa anatoka shuleni. Alijishauri wiki nzima. Akajiambia kwamba mtu anaweza kwenda kutazama chuma kikikatwa, muziki au bila muziki. Kwamba kutoka tu kungemfaa. Siku ya Alhamisi alasiri alivaa, akamwendea pale mlangoni alipokuwa akisugua viatu vyake vya kazi, akamwomba waende pamoja.

Alikwenda peke yake. Aliporudi kaka alikuwa ameshalala, hakumwamsha. Asubuhi alitoka mapema kabla dada hajaamka, na kabla ya saa sita Ngongoti alikuja shuleni, mkubwa mno kwenye mlango wa darasa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakupiga kelele. Alisema fundi mwenzake ameinama kuokota kipande cha chuma, hakuinuka.

Kwa hiyo la mwisho kaka alilomwambia dada ni lile la Alhamisi, mlangoni, brashi mkononi, baada ya kumtazama midomo mpaka amalize.

"Nenda wewe, Mwalimu. Ukirudi, usinisimulie."