Kunde za Nambari Arobaini na Saba

Mwaka niliotoka chuo kikuu nilipata kazi Kilifi, katika ghala dogo la kuhifadhi mbegu za asili. Tulizunguka mashamba ya Ganze tukiwaomba wakulima kiasi kidogo cha mbegu walizorithi. Kila mfuko ulipewa nambari yake. Karatasi ya nambari ilichanwa vipande viwili, kimoja kikatiwa mfukoni, cha pili akapewa mwenye mbegu, ili siku akizihitaji aje nacho.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa na sheria moja aliyoirudia hata tukiwa kwenye chai. Nambari ikishatolewa haipewi mbegu nyingine. Mfuko ukioza au ukiliwa na panya, nambari hubaki daftarini na aibu yake, na mbele yake huandikwa kilichotokea.

Arobaini na saba zilikuwa kunde ndogo nyekundu za mama mmoja mtu mzima, alizoachiwa na mamake. Alizihifadhi kibuyuni juu ya meko, zimechanganywa na jivu la kuzuia wadudu. Alinieleza kwamba huiva upesi, kabla mvua haijakatika. Karatasi yake aliifunga kwenye pindo la leso. Mimi nilizipepeta zile kunde nikaondoa jivu lote, zionekane safi, ndipo nikafunga mfuko.

Miezi michache baadaye niliufungua nikakuta unga na fukusi.

Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Nikaona nikiandika kwamba zimebunguliwa, mkuu atauliza jivu lilikwenda wapi. Nikaona tena kwamba asipouliza ni vibaya zaidi, maana atakuwa ameshajua. Nyumbani Shella mamangu alikuwa amewatangazia majirani kwamba mwanawe ni mtaalamu wa mbegu. Siku tatu chakula hakikuwa na ladha kinywani. Siku ya nne nikachota kunde nyekundu katika mfuko wa mkulima wa kijiji kingine, nikazitia kwenye ule wa arobaini na saba. Nilijiambia kunde ni kunde.

Kisha mvua ikakosa misimu miwili. Watu wa Ganze walikula hata mbegu zao. Asubuhi moja yule mama alifika ofisini, vumbi limempanda hadi magotini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akafungua fundo la leso kwa meno. Karatasi ilikuwa imelegea kama kitambaa, lakini nambari ilisomeka.

Mkuu alifurahi mno. "Waona, msomi? Faida ya nambari ndiyo hii." Akanituma nilete mfuko.

Mama alizimimina kiganjani, akazigeuzageuza, akatafuna moja.

"Hizi si zangu, mwanangu."

Alinisemesha mimi, si mkuu. Mkuu akavichukua vile vipande viwili vya karatasi, akavikutanisha mezani, kingo zikashikana sawasawa. Akamwambia kwa upole kwamba karatasi haisahau, wanaosahau ni sisi watu. Mama bado alikuwa akinitazama. Mimi nikaitazama karatasi.

"Labda," akasema mwishowe. "Njaa huondoa hata kumbukumbu."

Akazifunga kunde kwenye leso, akaenda zake.

Mvua iliporudi nilianza kuhesabu siku. Zake zingekuwa zimeshaiva. Jumapili moja nilikwenda Ganze nikamkuta shambani akichuma majani ya kunde ya mboga. Mimea ilikuwa imetanda vizuri, ina maua, haina hata ganda moja, na mvua ilikuwa imeshakatika. Maneno niliyoyapanga njia nzima yalitoka kinyumenyume, lakini niliyatoa yote.

"Kwa hiyo zangu zililiwa na fukusi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Fukusi ningekusamehe siku ile ile. Lakini nimekaa msimu mzima nikijiona nimepotewa na akili. Nimewaambia wanangu wasinipe tena mbegu kuwawekea, nimezeeka."

Akajitwika mboga yake, akaniambia nimfuate nyumbani. Uani aliwaita wanawe na wake zao, wakakaa. Hakunipa kiti.

"Waeleze," akasema. "Anza pale pa jivu."

Jumatatu niliyaandika hayo hayo daftarini, mbele ya arobaini na saba, mkuu amesimama nyuma yangu akisoma. Hakunifukuza. Ila toka siku hiyo hakuniita msomi tena.