Aliyesikika Nyuma

Chapchap alikuwa msusi, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu vidole vyake havijui kupumzika. Kutwa anasuka, simu ameibana kati ya sikio na bega, anacheka na mtu ambaye hayupo. Ukimwambia neno anakuitikia "mm," nawe unaondoka umeridhika kwamba amesikia. Thubutu! Hajasikia hata nusu.

Aliishi na baba yake, fundi mitambo mstaafu ambaye siku hizi kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Si kwamba hakumjali. Alimnunulia simu ya vitufe vikubwa, akaitia kamba, akamvisha shingoni, na kila akipumua kidogo kazini anampigia. Umekula, baba? Nimekula. Uko wapi? Niko nyumbani. Basi, moyo unatulia, anaendelea kusuka. Siku hiyo mchana mzee alimjibu kwamba yuko mlangoni, naye hakuuliza anafanya nini mlangoni.

Alasiri mzee hakupokea. Akapiga tena, wapi. Akamwacha mteja kitini, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama wima, akakimbia nyumbani, nyuma tu ya saluni. Simu aliikuta inalia chini ya mto, kamba imekunjwa vizuri. Mlango wazi, mzee hayupo.

Majirani wakatoka. Fundi viatu, mtu wa maneno machache, akauliza swali la maana: mzee amevaa nini, ili watu wajue wanamtafuta nani. Chapchap akajaribu kukumbuka. Asubuhi mzee alisimama mbele yake, hilo alilikumbuka. Lakini shati la rangi gani? Alikuwa na kofia? Hakujua. Macho yake yalikuwa kwenye simu. Loo, aibu iliyomshika iliuzidi hata woga. Na wingu lilikuwa limetanda, barabara kuu haiko mbali, na malori ya pale hayamsubiri mtu.

Sasa akafanya nini? Akaanza kupiga simu, ndicho alichokijua. Shangazi hajamwona. Mwenye duka hajamwona. Anapiga huku analia, hadi yule mteja wa nusu kichwa, aliyemfuata na taulo begani, akamshika mkono.

"Dada, hebu acha kupiga kidogo. Kwani mzee si alikuaga?"

"Aliniaga lini?"

"Asubuhi. Kwenye ile sauti uliyorekodi ukanitumia kuniambia nije. Alisikika nyuma. Mimi nilijua umemsikia."

Chapchap akaitafuta ile sauti. Kwanza alijisikia mwenyewe akisifia rasta mpya za kusukia alizoleta. Kisha, nyuma kabisa, baba yake, kwa upole, akisema kwamba leo anakwenda kumpokea mama getini kiwandani kama siku zote, mvua isije ikamnyeshea. Twende wote, mwanangu? Na hapo, katikati ya bei za rasta, sauti yake mwenyewe ikaitika: mm.

Mama alikwishafariki. Kiwanda kilifungwa siku nyingi, na geti lake liko ng'ambo ya barabara kuu.

Alikimbia bila viatu. Mteja nyuma yake, nywele zinapepea upande mmoja, watu wanacheka, wacha wacheke. Pale barabarani lori lilikuwa limesimama ghafla, dereva anafoka na kupiga honi. Chapchap akainama kutazama chini ya magurudumu kabla ya kutazama mahali pengine popote. Hapakuwa na mtu. Akavuka.

Mzee alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya geti lenye kutu, tope la mtaroni hadi magotini, mwavuli wa mama amepakata. Alipomwona akasogea kumpisha akae. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Nilikusubiri pale mlangoni mpaka nikachoka," alisema. "Si ulisema tunakwenda wote?"

Chapchap akaketi kando yake. Alimtazama. Shati lilikuwa la bluu, na vifungo vyote vilikuwa vimekosewa, upande mmoja umepanda juu ya mwingine, hivyo hivyo tangu asubuhi.