Mate ya Mjomba

Nianze na aibu yenyewe, ikiisha ndio tuongee vizuri. Mimi, mhubiri wa soko la Voi, mwenye spika ya betri na suti ya mitumba, nilipiga magoti kwa mjomba wangu kule Mwanda nikamwomba anitemee mate. Na akanitemea. Mengi.

Ilikuwa miaka ya tisini, nimeokoka juzi tu. Shule niliachia Form Two, kwa hivyo nilikuwa najua kila kitu. Kila mila niliipima na Biblia, na zote zilikuwa zinaanguka. Bundi akilia juu ya bati eti kuna mtu atakufa? Bundi analia njaa, na watu wa Voi wanakufa hata siku amenyamaza. Usifagie usiku utafukuza baraka? Baraka gani hiyo inaogopa ufagio? Watu wanacheka, na mimi nikapenda kile kicheko kuliko Injili.

Halafu nikafika kwa kutasa. Kwetu Taita, mtu akiwa na hasira na jamaa yake, au akitaka kumbariki, anapiga funda la maji ya muwa, anapuliza, puu! anasema maneno ya heri. Hasira imetoka. Ikibaki moyoni, wazee wanasema, itaua mbuzi. Sasa siku ya kumuaga binti yake aende kuolewa, mjomba akasimama amtasie. Huyu ni ndugu ya mama, ndiye alinilea. Nikaruka mbele ya wageni, nikamnyang'anya kibuyu, nikamwaga.

"Mate ni mate!" nikapaza. "Shetani haogopi mate!"

Mjomba alipangusa mikono, akakaa.

Baadaye nikapata mchumba, msichana wa Bura. Nikaenda kwao na mama. Baba yake akaangalia nyuma yetu.

"Mjomba wako yuko wapi?"

"Amekataa kuja, mzee."

"Basi na sisi tumekataa. Mtu ameshindwa na mjomba wake, atawezana na binti yangu?"

Nikarudi Voi nikafungua Biblia, nitafute mstari wa kukataza mate, nikamsomee mjomba mpaka ajute. Tafuta, tafuta, nikakuta Yesu mwenyewe anatema mate chini, anafanya tope, anampaka kipofu machoni. Nikafunga haraka, kama mtu amefungua bafu akakuta kuna mwenyewe. Nikafungua pengine: ukileta sadaka na ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo, nenda mpatane kwanza. Nikafunga tena. Siku hiyo Biblia ilikuwa imehamia kwa mjomba.

Ile ya hasira kuua mbuzi mpaka leo naicheka. Mbuzi wetu waliuawa na kupe, na uvivu wangu wa kuwaogesha dawa. Lakini kumaliza hasira kabla jua halijazama, hiyo imeandikwa. Wale niliokuwa nawaita wapagani walikuwa wanaifanya na kibuyu. Mimi na Biblia yangu kwapani, wapi!

Nikapanda Mwanda.

"Umekuja na spika?" mjomba akauliza.

"Hapana, mjomba. Nimekuja unisamehe, unitasie. Nilikuaibisha."

"Piga magoti."

Kawaida maji yanapulizwa pembeni. Yangu yalikuja usoni, puu!

"Uoe, mwanangu, uzae, na uache kupiga kelele."

Wiki hiyo hiyo akavaa koti lake, tukaenda naye Bura, nikapewa mke.

Nikarudi nikamhadithia rafiki yangu, fundi wa baiskeli, ambaye nikihubiri kanisani alikuwa anakaa kiti cha mbele kabisa. Nikamwambia nilivyojipangusa uso mpaka shati ikalowa. Hata hakuacha kubana spoku.

"Sasa wewe unalia nini?" akasema. "Sisi wa kiti cha mbele umetutasa kila Jumapili, na hujawahi kutuambia neno moja la heri."